Tanga halikupi haki ya njia mlangoni mwa bandari

“Mimi natumia tanga, wewe unatumia injini, nipishe wewe.” Wiki hii nimeyasikia tena redioni maneno hayo, safari hii kutoka kwa nahodha wa yoti ngeni aliyekuwa akibisha, yaani akikata huku na huku dhidi ya upepo, baina ya maboya wakati feri imeshaingia njiani na haina pa kugeukia. Mimi ni rubani wa meli katika bandari ya kisiwa. Kila kitu kinachoingia kisiwani, mizigo na abiria, hupita mlango mmoja, na yoti za wageni hupita mlango huohuo. Redioni hakuna nafasi ya kufundishana kanuni, kwa hiyo nitalisema hapa, na nitalisema kwa urefu.

Najua imani hiyo ilikotoka. Kanuni ya 18 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zile za 1972 zilizoanza kutumika 1977, inakitaka chombo cha injini kikipishe chombo cha tanga. Kwenye bahari wazi naifuata bila kunung'unika. Lakini kanuni hiyo haianzii hapo. Inaanza kwa kusema kwamba yote hayo ni isipokuwa pale Kanuni ya 9, ya 10 na ya 13 zinapotaka vinginevyo, na mistari hiyo ya mwanzo ndiyo watu wanayoiruka. Kanuni ya 13 inahusu kumpita mwenzako kutoka nyuma: anayepita ndiye anayejiepusha, awe na tanga au asiwe nalo. Ya 10 ni ya njia za meli zilizotenganishwa, tuiache. Ya 9 ndiyo inayotuhusu, kwa kuwa ni ya njia nyembamba.

Kanuni ya 9 inasema chombo kisichofika urefu wa mita 20, na vilevile chombo cha tanga, kisizuie kupita kwa chombo ambacho hakiwezi kwenda salama isipokuwa ndani ya njia hiyo nyembamba. Hayo ni makundi mawili. Yoti ya mita 11 inayokwenda kwa injini imo, na yoti ya mita 30 yenye matanga yote juu nayo imo. Kanuni hiyohiyo inamkataza yeyote kukata njia kutoka upande mmoja hadi wa pili ikiwa kukata huko kutaizuia meli ya aina hiyo. Juu ya hapo, Kanuni ya 1 inazipa mamlaka za bandari uwezo wa kuweka sheria zao za ndani, zikifanana kadiri iwezekanavyo na zile za kimataifa. Ndiyo maana bandari moja inakutaka uwashe injini kabla ya boya la kwanza na nyingine haikuambii hivyo. Sheria za ndani zisome kabla hujafika. Ukizisoma ukiwa mlangoni umeshachelewa.

Tena wengi wanaodai haki ya tanga hawana hata tanga la kudai. Tanga kuu liko juu, limelegea, na moshi unatoka nyuma. Kanuni ya 3 iko wazi: chombo cha tanga ni kile ambacho injini yake, kama kinayo, haitumiki. Injini ikisukuma, wewe ni chombo cha injini, hata uwe umetweka matanga matatu. Kanuni ya 25 inakutaka, mchana, utundike omoni, yaani mbele ya chombo, koni nyeusi yenye ncha iliyoelekea chini, ili wenzako walijue hilo. Koni hiyo naiona mara chache mno. Rubani aliye juu ya meli hasikii injini yako. Anachokiona ni kitambaa cheupe, na anaanza kukukadiria kama mtu anayefuata upepo, kumbe unaweza kugeuka wakati wowote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata wasomaji wazuri wa kanuni hulichanganya: kutozuia si sawasawa na kupisha. Wajibu wa kupisha huanza pale hatari ya kugongana inapoonekana. Wajibu wa kutozuia unaanza kabla ya hapo. Anayetakiwa asizuie lazima achukue hatua mapema, hali ikiruhusu, amwachie mwenzake maji ya kutosha kupita salama, ili hatari isizaliwe kabisa. Hilo limeandikwa kwenye Kanuni ya 8, kifungu (f), kilichoongezwa baadaye na kuanza kutumika 1989 kwa sababu mabaharia walikuwa wakibishana juu yake. Kwa hiyo nahodha anayeniambia “nilikuwa bado nasubiri nione kama kuna hatari” amekiri mwenyewe kwamba hakutimiza wajibu wake. Kusubiri kwake ndilo kosa.

Kifungu hicho kina sehemu mbili zaidi. Ya kwanza inasema mwenye yoti hafunguliwi wajibu wake eti kwa kuwa hatari imeshafika. Ya pili inasema meli ambayo haikutakiwa kuzuiwa nayo inabaki na wajibu wote wa kufuata kanuni pindi hatari inapotokea. Hapo ndipo wenye yoti werevu wanaposhika: “Umeona? Hatari ikishafika, wewe wa injini unarudi kunipisha mimi wa tanga.” Kwa maandishi, hawakukosea moja kwa moja. Vitabu vya mitihani hulimaliza jambo hili kwa aya moja yenye utulivu, kana kwamba limekwisha. Kwangu halijaisha. Nikiwa ndani ya njia ya upana mdogo, chini maji yamebaki kidogo, na yoti iko mbele, kanuni inanitaka nifanye jambo ambalo meli haina uwezo wa kulifanya. Naweza kupunguza mwendo, naweza kupiga honi, lakini kugeuka siwezi. Sioni kama waliokiandika kifungu hicho walitupa jibu kamili. Walitupa sote wawili wajibu, na wakatuachia maji.

Na nieleze kwa nini siwezi, maana wengi hudhani rubani ni mvivu wa kuvuta breki. Usukani wa meli unafanya kazi kwa sababu ya maji yanayosukumwa na panga boi (propela) kuupita. Ukirudisha injini nyuma, maji hayo yanavurugika na usukani unakufa. Meli yenye panga boi moja linalozunguka kulia huanza kuivuta tezi, yaani nyuma ya meli, kushoto na omo ikaenda kulia, yaani unapojaribu kusimama ndipo unapoacha mstari. Kwenye njia nyembamba, kuacha mstari ni kupanda mwamba. Kwa mwendo wa maili 8 za baharini kwa saa, meli inakata karibu mita 250 kila dakika. Na mbele ya omo kuna maji ambayo aliye chumba cha usukani hayaoni: kwa meli za mita 55 na zaidi zilizojengwa tangu Julai 1998, sheria ya kimataifa inaruhusu maji yaliyofichika mbele yafike urefu wa meli mara mbili au mita 500, ipi iliyo ndogo. Feri ya mita 100 basi, kihalali kabisa, inaweza isiuone mwili wa yoti yako iliyo mita 150 mbele yake.

Kuna kitu kingine kinachowadanganya wageni. Feri ina mbavu ndefu kama ukuta, na upepo wa ubavuni unaisukuma. Ili iende sawa katikati ya maboya, nahodha wake anailaza omo upande wa upepo, na feri inaingia kimshazari kama kaa. Ukiwa kwenye yoti unaiona omo imeelekea mbali nawe, unasema “aha, anageuka, ananipisha,” kumbe meli nzima inateleza kuja ulipo. Au kinyume chake: unaiona omo imekuelekea, unaingiwa na hofu, unakimbilia upande uleule ambako inakwenda. Usiangalie omo. Ipime kwa dira: kama mwelekeo wake kutoka kwako haubadiliki na yenyewe inakua, mnakutana. Na Kanuni ya 7 inaonya kwamba kwa chombo kikubwa sana, au kilicho karibu, hata mwelekeo unaobadilika haukuhakikishii usalama, kwa kuwa unaweza kuipita omo ukaikuta tezi.

Honi ya milio mitano mifupi ya haraka maana yake sijaelewa unachokusudia, au nina shaka kama unachukua hatua ya kutosha. Si salamu. Usinipungie mkono. Badili mwelekeo, tena kwa pembe kubwa inayoonekana, na ukibadili usirudi nyuma.

Sasa uende wapi? Jibu langu ni hili: njia ile iliyowekewa maboya imechimbwa au kupimwa kwa ajili ya meli zenye kina kirefu. Yoti nyingi zinahitaji maji ya mita mbili au tatu tu, na mara nyingi maji hayo yapo nje kidogo ya mstari wa maboya. Pita huko, uiache njia kwa wasioweza kutoka. Lakini ushauri huu nautoa kwa moyo nusu pale kisiwa kinapozungukwa na miamba, kwa kuwa baina ya boya na mwamba huenda pasiwe na nafasi, na vipimo vya kina nje ya njia kwenye ramani huenda ni vya zamani kuliko vya ndani. Hakuna pia anayeweza kukuambia njia nyembamba inaanzia upana gani. Kanuni hazikulieleza hilo, na mahakama huamua kila kesi peke yake. Kwa hiyo pale usipo na hakika, usiingie. Subiri nje, kwenye maji mapana, hadi meli ipite. Kusubiri kwako ni dakika chache.

Na usisubiri kwa tanga tupu chini ya kilima cha kisiwa. Upepo huko unakatika ghafla, unageuka, unarudi kwa mkupuo. Meli kubwa ikikupita upande wa juu wa upepo nayo inakukata upepo wako wote, na yoti inasimama bila mwendo mahali pabaya kuliko pote. Injini iwe inanguruma hata kama hujaitia gia, na nanga iwe tayari kuteremshwa.

Maboya yenyewe, angalia umetoka bahari gani, kwa kuwa dunia ina kanda mbili za rangi za maboya, A na B. Ukiingia bandarini katika Ukanda A, mekundu yanabaki kushoto kwako. Katika Ukanda B, yaani Amerika zote, Japani, Korea Kusini na Ufilipino, yanabaki kulia. Aliyevuka bahari kuu huenda amevuka na mpaka huo.

Mengine haraka. Bendera ya manjano ya Q inasema chombo chako kina afya na unaomba ruhusa ya kuingia. Haikupi ruhusa hiyo, kwa hiyo hakuna kushuka hadi afya, uhamiaji na forodha wamalize. Usilikamate boya lolote tupu ukadhani ni la wageni, kwa sababu baadhi yana wenyewe na mengine hayabebi uzito wako, uliza. Usitie nanga penye kivuli cha gati la feri, kwa kuwa maji inayoyasukuma ikigeuka yatakung'oa. Ukilala nangani, mchana tundika mpira mweusi omoni, usiku taa nyeupe inayoonekana pande zote. Ukifunga gatini, ziachie kamba nafasi ya maji kujaa na kupwa, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi. Maji matamu kisiwani huwa ya shida, usioshee yoti. Taka njoo nazo nchi kavu, na plastiki haitupwi baharini popote pale.

Kabla ya boya la kwanza, ita bandari kwenye chaneli yao ya kazi, au chaneli 16 kama huijui, taja jina la yoti, urefu, kina chake majini na unakotaka kulala, kisha uliza swali moja: kuna meli inayoingia au kutoka ndani ya nusu saa ijayo? Ukishafunga, ita tena useme umefunga, ili anayeongoza meli inayofuata asiendelee kukutafuta njiani.