Picha ya angani haijisomi yenyewe

Oktoba 14, 1962, ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya U-2 ilikatiza anga la magharibi mwa Cuba kwa dakika chache, ikiwa juu zaidi ya kilomita 20, ikarudi na picha 928. Mtu wa kawaida akionyeshwa picha hizo angeona pori, mahema na vitu virefu vilivyofunikwa kwa turubai. Wachambuzi mjini Washington walivipima vitu hivyo: takriban mita 20. Kesho yake walikuwa na jibu, makombora ya Kisovieti ya R-12, yenye uwezo wa kuifikia Washington.

Walijuaje? Hapo ndipo anapoingia shushushu. Kanali Oleg Penkovsky wa ujasusi wa kijeshi wa Kisovieti alikuwa akipiga picha vitabu vya siri vya makombora kwa kamera ndogo ya kufichika kiganjani. Filamu alimkabidhi mke wa afisa wa ujasusi wa Uingereza katika bustani ya Moscow, ndani ya kiboksi cha peremende, kana kwamba anawapa watoto wa mama huyo zawadi. Vitabu hivyo ndivyo vilivyowasaidia wachambuzi kuielewa kambi waliyoiona. Penkovsky alikamatwa Oktoba 22, akauawa mwaka uliofuata.

Na ndege ilijuaje pa kupita? Wakimbizi wa Cuba waliofika Florida walikuwa wakihojiwa kila siku. Habari nyingi walizotoa hazikuwa na mashiko, kwani wengi walichanganya makombora ya kutungulia ndege na yale ya masafa marefu. Chache zilitaja matrela marefu mno yakipita usiku, zikaelekeza macho San Cristóbal, magharibi mwa Cuba. Meli nazo zilifuatiliwa kwa picha na kwa kunasa mawasiliano ya redio.

Hata hivyo, Septemba 19 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikuwa imeandika kwamba Wasovieti wasingethubutu kupeleka makombora hayo Cuba. Kwa maoni yangu, kosa hilo lina uzito zaidi kuliko ukosefu wa kamera. Pia walikadiria askari wa Kisovieti kuwa kama 10,000, kumbe walizidi 40,000. Vichwa vya nyuklia vya silaha ndogo za uwanja wa vita, ambavyo tayari vilikuwa kisiwani, hawakuvigundua kabisa. Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 1962, alisikia habari zake Havana mwaka 1992 kutoka kwa Jenerali wa Kisovieti Anatoly Gribkov. Mwaka 1962, majenerali wa Marekani walikuwa wakimshinikiza Rais Kennedy akivamie kisiwa hicho.