Mfupa Unaoota Kando ya Nyonga Bandia

Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, alirudi Tabora kwa treni baada ya kubadilishiwa nyonga ya kulia jijini Dar es Salaam. Wiki za mwanzo alitembea vizuri kwa magongo. Alipofika kwangu katika wiki ya 9 nilimkaribisha kiti, naye akakaa kwa kuteleza mbele na kulala nyuma kama mtu aliyechoka na safari, kwa kuwa paja la kulia lilikataa kukunjwa. Nilipojaribu kulikunja mwenyewe, lilikwama kabla halijafika hata nyuzi 60. “Daktari,” aliniambia, “hiki chuma chenu kimeshika kutu.”

Chuma kilikuwa salama. Picha ya eksirei, ambayo niliisomea dirishani kwa sababu taa ya kusomea picha ilikuwa imeungua siku hiyo, ilionyesha kikombe cha nyonga bandia na shina lake linaloingia ndani ya mfupa wa paja vikiwa mahali pake, lakini juu ya kichwa cha paja palikuwa na wingu jeupe lililopanda kuelekea mfupa wa kiuno. Wingu hilo ni mfupa mpya, unaoota ndani ya msuli, mahali pasipo pake.

Ndani ya misuli yetu kuna seli changa ambazo, zikipata ishara fulani, zinaweza kugeuka kuwa seli za kujenga mfupa. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, husababisha mfupa mpya uote hapo hapo. Upasuaji wa nyonga nao huchana misuli, humwaga damu, na huacha unga wa mfupa na uboho uliochimbuliwa wakati wa kuandaa tundu la kuwekea kikombe kwenye mfupa wa kiuno. Ndiyo maana daktari mwangalifu husuuza jeraha kwa maji mengi kabla ya kushona. Hata hivyo wagonjwa wengi huota vipande vidogo tu, visivyowasumbua kamwe.

Mfupa huu tunaupima kwa mizani ya daktari Brooker na wenzake ya mwaka 1973, inayotumia picha moja ya mbele. Daraja la 1 ni visiwa vya mfupa ndani ya nyama. La 2 ni miiba inayotoka kwenye kiuno au paja, huku pengo la sentimita 1 au zaidi likiwa limebaki. Katika la 3 pengo hilo limepungua chini ya sentimita 1. Na katika la 4 mifupa inaonekana imeshikana kabisa. Mzee wangu alikuwa daraja la 3.

Katika wiki za mwanzo mfupa huu hudanganya. Paja hupata joto, huvimba na huuma, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ni usaha kwenye nyonga au damu iliyoganda mshipani, na hayo mawili ni lazima yachunguzwe kwanza kwa sababu ni ya hatari zaidi. Nyumbani nako hudhaniwa kwamba mgonjwa ni mvivu wa mazoezi, akaitiwa mtu wa kumchua kwa mafuta na kuukunja mguu kwa nguvu. Nawaomba ndugu msifanye hivyo: nguvu hiyo huichubua upya misuli iliyokwisha kujeruhiwa. Mazoezi ya taratibu ambayo mgonjwa anayafanya mwenyewe yanatosha.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Kinga zipo mbili. Ya kwanza ni dawa za kupunguza maumivu na uvimbe za jamii ya indomethasini, ambazo huanza mara baada ya upasuaji na zinaweza kuendelea hadi wiki 6, lakini zinahitaji tahadhari kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu, wakiwamo baadhi ya vijana wa selimundu ambao kichwa cha paja lao kimekufa kwa kukosa damu. Ya pili ni dozi moja ya mionzi, kwa kawaida kati ya Gy 7 na 8 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha mionzi), inayotolewa muda mfupi kabla ya upasuaji au ndani ya siku 3 hivi baada yake. Mgonjwa anaposhuka kwenye kituo cha treni cha Tabora muda huo wa kinga umekwisha kupita, na sisi tunabaki kuupiga picha mfupa unaokomaa. Kuutoa kunawezekana, ila kwa desturi husubiriwa ukomae, jambo linaloweza kuchukua mwaka au zaidi, na bila kinga unaweza kuota tena.

Kwa hiyo sehemu yetu sisi wa mikoani ni barua ya rufaa. Ninaandika mambo yanayoongeza hatari ya mfupa huu: kama mgonjwa ni mwanamume, kama ana ugonjwa wa uti wa mgongo unaoshikana, kama nyonga yake iliwahi kuvunjika kwenye tundu la mfupa wa kiuno kwa ajali ya bodaboda, na zaidi ya yote kama aliwahi kuota mfupa wa namna hii.

Mzee huyu sasa anakunja nyonga hadi nyuzi 80 na hataki kusikia habari ya kisu upande wa kulia. Lakini nyonga ya kushoto nayo imesagika, na mwezi uliopita aliniomba nimwandikie barua. Mstari wa kwanza niliuandika kwa herufi kubwa: NYONGA YA KULIA ILIOTA MFUPA, DARAJA LA 3, TAFADHALI PANGENI KINGA KABLA YA SIKU YA UPASUAJI.