Patricia Routledge: sauti mbovu ya Hyacinth na mengine yanayosemwa kimakosa

Aliyemfahamu Patricia Routledge kupitia runinga tu humkumbuka kwa kofia, kwa simu nyeupe, na kwa jina la ukoo linalotamkwa kwa kulazimisha. Limeandikwa Bucket, yaani ndoo, lakini mwenye jina anataka litamkwe Bouquet, yaani shada la maua. Huyo ni Hyacinth, mama wa nyumbani katika vichekesho vya BBC viitwavyo Keeping Up Appearances, vilivyorushwa kuanzia 1990 hadi 1995. Mwigizaji mwenyewe alizaliwa tarehe 17 Februari 1929 Tranmere, Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey ukiwa Liverpool, na alifariki tarehe 3 Oktoba 2025 akiwa na miaka 96. Habari zake nyingi zinazozunguka zimeanzia kwa Hyacinth na kuishia hapo hapo, ndiyo maana makosa ni mengi.

"Hakujua kuimba."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linastahili nafasi ya kutosha.

Katika kipindi, jirani wa Hyacinth ni Elizabeth, na kaka yake Elizabeth aitwaye Emmet anaongoza muziki wa kikundi cha opera cha waimbaji wa ridhaa. Hyacinth anatamani nafasi katika maonyesho yake, kwa hiyo kila amwonapo anamfyatulia wimbo papo hapo, barabarani au mlangoni. Emmet anafikia hatua ya kuchungulia dirishani kabla ya kutoka nje. Sauti anayoisikia mtazamaji ni kali, imetetemeka kupita kiasi, na haikai kwenye noti.

Mwenye sauti hiyo alikuwa mwimbaji aliyefunzwa, na alikuwa ameimba kwenye majukwaa ya London na New York kwa miongo kadhaa. Kuimba vibaya kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Asiyejua kuimba hukosea ovyo: leo juu, kesho chini, na hadhira huchoka haraka. Ili kosa lichekeshe, lazima hadhira iutambue wimbo, kwa hiyo mapigo hubaki sahihi na maneno husikika vizuri. Kinachoharibiwa ni vitu vichache vilivyochaguliwa. Noti inaingiwa kutoka chini na kukwea polepole badala ya kupigwa katikati. Mtetemo wa sauti unapanuliwa hadi noti moja inasikika kama mbili. Noti ya juu inabanwa kooni pale ambapo ingepaswa kuachiliwa. Yote hayo yanamtaka mwigizaji awe na sikio linalojua noti halisi ilipo, na pumzi ya kutosha kuishikilia ile mbovu bila kujiumiza koo, kwa sababu kesho yake kuna mazoezi tena.

Ushahidi ulikuwepo wakati ule ule. Desemba 1992, Hyacinth akiwa katika kilele cha umaarufu, Routledge alikuwa National Theatre jijini London akiigiza Nettie Fowler katika Carousel, iliyoongozwa na Nicholas Hytner. Nettie ndiye anayemwimbia mjane kijana You'll Never Walk Alone. Mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki wanaujua wimbo huo kutoka Anfield, lakini asili yake ni tamthilia hiyo ya 1945 ya Rodgers na Hammerstein. Waimbaji wa Liverpool waliurekodi upya mwaka 1963 na uwanja ukaupokea. Kwa mwimbaji mtihani wake uko mwishoni: wimbo unaanza chini, unapanda taratibu, na hauna pa kupumzika kabla ya noti ya juu. Nafasi hiyo haipewi mtu asiyejua kuimba.

"Tuzo za Broadway huenda kwa maonyesho yaliyofanikiwa."

Routledge alishinda Tony, tuzo ya Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, mwaka 1968, mwigizaji bora wa kike wa tamthilia ya muziki, kwa onyesho lililofungwa baada ya kuchezwa mara 31 tu. Broadway kwa kawaida huchezwa mara 8 kwa wiki, kwa hiyo ni takriban wiki nne. Liliitwa Darling of the Day, muziki wa Jule Styne na maneno ya E. Y. Harburg. Aliigiza mjane Alice Challice, na mwenzake mkuu alikuwa Vincent Price, mtu wa filamu za kutisha ambaye kuimba hakukuwa fani yake.

Inawezekanaje? Tony hutolewa kwa msimu. Onyesho likifunguliwa rasmi kwenye ukumbi unaotambuliwa kabla ya tarehe ya mwisho ya msimu, waigizaji wake wanastahili kupigiwa kura hata kama pazia limeshashuka. Biashara ya tiketi ni suala la watayarishaji, na kura ni suala la kile kilichoonekana jukwaani. Mwaka huo kura zililingana, hivyo tuzo ilitolewa kwa wawili, yeye na Leslie Uggams wa Hallelujah, Baby! Anayesema "alishinda peke yake" na anayesema "alishindwa na Uggams" wote wamekosea.

Mwaka 1976 alirudi New York katika 1600 Pennsylvania Avenue, muziki wa Leonard Bernstein, maneno ya Alan Jay Lerner. Ilichezwa mara 7. Yeye aliigiza wake wa marais mmoja baada ya mwingine, na wimbo uliobaki midomoni mwa waliouona ni ule ambamo anakuwa wanawake wawili kwa pamoja siku ya kuapishwa kwa Rutherford Hayes: Julia Grant anayeondoka Ikulu ya Marekani kwa uchungu, na Lucy Hayes anayeingia. Mwimbaji mmoja, wahusika wawili wanaokatizana, kila mmoja na sauti yake na mkao wake wa mwili. Bernstein hakuruhusu albamu ya waigizaji itolewe, kwa hiyo kazi hiyo haikusambaa kama ilivyostahili.

Bahati njema, majira ya kiangazi ya 1980 aliigiza Ruth katika The Pirates of Penzance kwenye jukwaa la wazi la Delacorte, Central Park, pamoja na Kevin Kline na Linda Ronstadt, na picha zake za video zipo. Wanaochanganya mambo husema alikuwemo pia onyesho hilo lilipohamia Broadway mwaka 1981. Hakuwemo. Nafasi ilichukuliwa na Estelle Parsons.

"Amejaa BAFTA."

Hapana. BAFTA ni tuzo za filamu na runinga za Uingereza. Aliteuliwa, lakini hakuwahi kushinda. Tuzo zake mbili kubwa ni za jukwaani na zote mbili ni za kuimba: Tony ya 1968, na Olivier, tuzo ya tamthilia ya London, ya 1988 kwa nafasi ya Bibi Mzee katika Candide, muziki wa Bernstein huyo huyo, ukumbi wa Old Vic. Ukizitazama tuzo hizo kisha ukarudi kwa Emmet aliyejificha nyuma ya pazia, utaona uzuri wa mzaha ule.

"Alianza kuigiza uzeeni."

Kosa hili limetokana na hesabu: Hyacinth alipotokea hewani kwa mara ya kwanza Oktoba 1990, mwigizaji alikuwa na miaka 61. Lakini alikuwa na miaka 38 ya kazi nyuma yake. Baada ya kusoma Kiingereza Chuo Kikuu cha Liverpool alipanda jukwaa la Liverpool Playhouse mwaka 1952 kama Hippolyta wa Shakespeare, na akapata mafunzo katika shule ya uigizaji ya Bristol Old Vic. Kumbi za aina ya Playhouse zilikuwa na kikundi cha kudumu kilichobadilisha tamthilia kila baada ya wiki chache: mchana mnafanya mazoezi ya tamthilia ijayo, usiku mnacheza ya sasa. Mwigizaji alijifunza kukariri haraka na kubadilika kutoka malkia hadi mpishi ndani ya mwezi mmoja. London alifika mwaka 1954 katika The Duenna, yenye nyimbo tayari.

Runinga nayo haikuanzia kwa Hyacinth. Mwaka 1961 alikuwa Sylvia Snape katika tamthilia ya mfululizo ya Coronation Street. Filamu ya Sidney Poitier ya 1967, To Sir, with Love, inamwonyesha kama mwalimu mwenzake, Clinty. Mwaka 1984 alikuwa Royal Shakespeare Company, Malkia Margaret mbele ya Richard wa Tatu wa Antony Sher. Kisha 1985 na 1986 akawa Kitty, mwanamke mwenye maoni kuhusu kila kitu, akizungumza na kamera katika kipindi cha mchekeshaji Victoria Wood. Kwa Kitty Waingereza walikuwa wameshamcheka kabla Hyacinth hajazaliwa.

"Kipindi kilifungwa na BBC."

Kilikuwa na misimu 5 na sehemu 44 pamoja na zile za Krismasi, na kiliisha Krismasi ya 1995 kwa sababu Routledge mwenyewe hakutaka kuendelea. Mwandishi Roy Clarke na mwongozaji Harold Snoad hawakukosa watazamaji, na hadi leo ni miongoni mwa vipindi vya BBC vilivyouzwa nje ya Uingereza mara nyingi zaidi.

Uzito wa uamuzi wake unaeleweka ukijua kazi ilivyokuwa. Vichekesho vya aina hii vilirekodiwa kwa hatua mbili. Kwanza picha za nje: gari, bustani, barabara, majuma kadhaa ya kusubiri jua na kurudia. Halafu studio: siku chache za mazoezi kwa kila sehemu, kisha jioni moja mbele ya hadhira halisi, ambayo ilionyeshwa pia zile picha za nje ili kicheko chake kirekodiwe. Mwigizaji mkuu aliyemo karibu kila onyesho hana jioni ya kupumzika hadi msimu uishe. Anayecheza mbele ya hadhira ya studio lazima pia asubiri kicheko kifike kileleni bila kuonekana anasubiri. Akiingia mapema, mstari unaofuata unamezwa. Akichelewa, mzaha unapoa. Hapo ndipo miaka ya jukwaani ilipoonekana.

"Ni mchekeshaji tu."

Atakayetazama kazi zake na mwandishi wa tamthilia Alan Bennett hatasema hivyo tena. Ya kwanza ilikuwa A Woman of No Importance ya 1982, ikafuatwa na mbili katika Talking Heads, mfululizo wa runinga wa tamthilia za mtu mmoja: A Lady of Letters ya 1988 na Miss Fozzard Finds Her Feet ya 1998. Mwigizaji mmoja, kiti kimoja au viwili, kamera karibu, hakuna wa kujibizana naye. Kosa la wengi wanaojaribu tamthilia hizi ni kumdhihaki mhusika, au kumlilia mapema. Irene Ruddock wa A Lady of Letters anaandika barua za malalamiko kwa kila mtu na kila ofisi, na anaamini analinda maadili. Mpweke yule hajui kama ni mpweke, na mwigizaji hapaswi kumwambia. Routledge aliusema kila mstari kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida, akimwachia mtazamaji agundue. Barua zile zinamfikisha Irene gerezani, na huko ndiko anakopata marafiki kwa mara ya kwanza. Furaha inayomwingia usoni inauma kuliko kilio.

Hyacinth mwenyewe alichezwa hivyo hivyo. Anayemwona kama mtu wa kuchekesha tu amekosa hofu iliyo chini yake: mwanamke aliyetoka familia maskini, ambaye gari bovu la dada zake linaweza kuegeshwa mlangoni wakati wowote.

"Dame ni mtu wa familia ya kifalme."

Ni cheo cha heshima, sawa na Sir kwa wanaume. Routledge alipanda ngazi tatu za nishani moja: OBE mwaka 1993, CBE 2004, na DBE 2017, ambayo ndiyo inayomfanya mtu aitwe Dame. Hakirithiwi, hakina mshahara, wala hakimpi mtu kiti Bungeni.

"Aliandika ule waraka wa miaka 95."

Mitandaoni kuna maandishi marefu ya kutia moyo yanayosemekana ni yake, yakianza kwa kusema atatimiza miaka 95 Jumatatu ijayo. Kalenda inayakataa: alitimiza 95 tarehe 17 Februari 2024, na ilikuwa Jumamosi. Hakuyaandika.

"Baada ya Hyacinth alistaafu."

Alianza kazi nyingine mara moja: kuanzia 1996 hadi 1998 alikuwa runingani kama Hetty Wainthropp, mwanamke wa makamo anayejifanyia upelelezi, akisaidiwa na kijana aliyeigizwa na Dominic Monaghan. Mwaka 1999 alikuwa Lady Bracknell wa Oscar Wilde jukwaani, Chichester kisha London.

Muziki wa Hetty ulitungwa na Nigel Hess, na kutoka kwake ikatokea kazi nzuri ya uzee wa Routledge, Admission: One Shilling. Inahusu Myra Hess, mpiga piano wa ukoo huo, aliyeandaa matamasha ya mchana katika National Gallery ya London tangu Oktoba 1939, michoro ikiwa imehamishwa kuepuka mabomu. Routledge, aliyepita miaka 80, aliketi pembeni akisoma maneno ya Myra Hess, na Piers Lane akapiga piano. Hakuimba humo. Jina la onyesho ni bei ya mlangoni wakati wa vita: shilingi moja, ambayo siku hizo ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Afrika Mashariki.