Kutabiri makazi ya ndege mhamaji: mfano wa mbayuwayu buluu

Kutabiri makazi ya spishi ni kuchora ramani ya mahali inapoweza kuishi, kwa kuanzia na mahali pachache ilipokwisha kuonekana. Kila rekodi yenye mahali na tarehe hulinganishwa na hali ya eneo lake: mvua, joto, mwinuko, nyasi au msitu. Kisha kompyuta hutafuta kwingine kwenye hali ya namna hiyo. Programu iliyozoeleka sana ni Maxent, na sababu mojawapo ni kwamba haidai orodha ya mahali ambapo ndege hayupo. Kwa ndege adimu, orodha hiyo ni taabu kuipata.

Ndege akiwa mhamaji, mambo hubadilika. Mbayuwayu buluu, ambaye yumo katika hatari ya kutoweka, huzaliana miezi ya mvua ya kusini, takriban Oktoba hadi Machi, kwenye nyasi za milimani zenye ukungu: Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi, hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Kipupwe cha huko kikikaribia, huja kwetu kando ya Ziwa Victoria. Hapa Uganda mahali pake panapojulikana zaidi ni mbuga za Sango Bay, karibu na mpaka wa Mutukula. Sasa ukitia rekodi za Januari na za Julai katika faili moja, programu itakutafutia wastani wa mlima wa baridi na tambarare ya ziwani, mahali ambapo huenda ndege huyu hatui kabisa. Ndiyo maana huchorwa ramani mbili, kila moja na miezi yake.

Ramani ya kuzaliana ndiyo ngumu zaidi. Mbayuwayu buluu hubandika kiota chake cha tope na nyasi ndani ya shimo: la muhanga, la ardhi iliyotitia, hata la mgodi wa zamani. Picha ya setilaiti huonyesha nyasi vizuri, lakini shimo la muhanga haiwezi kuliona. Basi ramani hutia rangi mlima mzima, na ndege wako kwenye mabonde mawili tu. Sango Bay hatagi, kwa hiyo shimo si hoja. Anachotaka ni nyasi zenye unyevu na wadudu wa kuwinda akiruka chini chini.

Hata hivyo, ramani ya Uganda nayo ina kasoro, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi. Watazamaji wa ndege hupita panapopita gari. Rekodi zikijaa kandokando ya barabara ya Masaka kwenda Mutukula, programu inaweza kujifunza barabara ikidhani imejifunza ndege. Wataalamu hupunguza rekodi zilizorundikana, halafu huweka nyingine kando bila kuionyesha programu, waone kama ramani itazipata yenyewe.

Hata ikifaulu mtihani huo, rangi kwenye ramani inasema tu kwamba hali hapo inamfaa. Pengine nyasi zimelimwa au zimepandwa mikaratusi baada ya picha kupigwa. Anayeichukua ramani kwenda nayo Sango Bay mwezi wa Juni aende kwanza kwenye vipande vyenye rangi visivyo na rekodi, mbali na lami, na aandike pia saa alizotembea bila kumwona.