Gemu kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: tazama mkono, achana na pointi

"Dokta, yaani nimepanda bajaji kutoka Mikindani mwanangu aje kucheza gemu?" Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa na haki. Tiba ya mazoezi watu wanaijua ni ya kunyooshwa na kukandwa.

Mtindio wa ubongo unatokana na jeraha kwenye ubongo unaokua: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alipata manjano kali, au homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliongezeki, wala gemu haliliondoi. Ila ubongo wa mtoto hujifunza kwa kurudia, tena mamia ya mara. Mwambie wa miaka sita anyooshe mkono mara mia, atalia kabla ya kumi. Mpe maputo ya kupasua kwenye kishikwambi, atagoma kuondoka.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, maana watoto ni wajanja. Nintendo Wii, mashine ya gemu iliyotoka mwaka 2006, husoma mtikisiko wa rimoti. Mtoto akitikisa kifundo cha mkono tu huku amejiegemeza kitini, mpira unapigwa na pointi zinaingia, bega halijasogea hata kidogo! Kinect, kifaa cha gemu cha Microsoft cha mwaka 2010, kilitumia kamera kuona mwili mzima, lakini mama akisimama nyuma kumshikilia mwanawe, kamera inaweza kuwachanganya. Waliozitengeneza hawakuwafikiria watoto wetu.

Kwa hiyo mimi natazama mkono. Aliyeathirika upande wa kushoto namkalisha kwenye kigoda, nyayo zote mbili chini. Kishikwambi nakiweka kushoto kwake, mbali kidogo, ili alazimike kunyoosha kiwiko. Mkono wa kulia naupa embe la kushika. Akianza kuinamisha kiwiliwili badala ya kunyoosha mkono, nimemzidishia, nakisogeza karibu. Na kama dole gumba limejificha ndani ya ngumi, basi tupasue kwa ngumi. Vidole tutavidai baadaye.

Nyumbani simu ya tachi inatosha, kwa mpangilio uleule. Msimu wa korosho hata simu siidai: ayatie mabibo kwenye ndoo iliyowekwa upande dhaifu. Akichoka mwache, maana misuli iliyochoka hukaza zaidi.

Mwenye kifafa, na kwa watoto hawa si wachache, asipewe gemu lenye mwanga wa kumetameta. Mzazi, niambie kabla sijawasha chochote.