Je, wajua kwa nini mionzi ya saratani haipigwi siku moja ikaisha?

Baba mdogo alipogunduliwa ana saratani ya mapafu, aliandikiwa mionzi mara 30: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Nyumbani ni Kisumu, mashine iko mbali. Mimi, mjuaji wa ukoo, nikatangaza kwamba mashine hiyo haina nguvu.

Kosa langu lilianzia kwenye neno. Huku kwetu mgonjwa wa mionzi "anachomwa", na kitu cha kuchoma, moto ukitosha, hukichomi mara 30. Kumbe mionzi haichomi uvimbe. Ngozi yaweza kubabuka, ndiyo, lakini siku ya kwanza baba mdogo alilala mezani dakika chache, hakuhisi kitu, akatoka akiuliza kama stima zimepotea. Mionzi hukata nyuzi za DNA ndani ya seli, na seli iliyokatwa mara nyingi haifi papo hapo. Hufa baadaye, inapojaribu kugawanyika.

Sasa twende ufukweni Dunga. Wavuvi wawili nyavu zao zimechanika. Mmoja anaketi kivulini, anashona tundu kwa tundu, ndipo aingie ziwani. Wa pili ana pupa: anasukuma mashua na matundu yake. Seli ya pafu yenye afya ni yule mshonaji; ndani ya saa chache huwa imeziba mengi. Seli ya saratani, kwa kawaida, ni yule wa pupa. Kila siku mkasi, yaani mionzi, unapita kwenye nyavu zote mbili, kipimo kidogo tu, grei 2 (grei ni kizio cha kupimia mionzi). Kufikia grei 60, wa pupa hana wavu. Ukipiga grei zote 60 kwa mkupuo, mshonaji naye anabaki na vipande, na jirani zake ni umio, moyo na uti wa mgongo.

Nimesema "kwa kawaida" makusudi. Kuna saratani zinazojishona vizuri tu, na mapumziko yakirefuka, seli zilizobaki huzaana upya. Ndiyo maana kukosa nauli ya Jumanne si jambo dogo. Zamani mgonjwa wa hospitali ya umma huku magharibi alielekezwa Kenyatta, Nairobi. Siku hizi Nakuru nayo ina mashine, ila wiki sita bado zinataka mahali pa kulala.

Kioja ni kwamba wengine hupewa mara mbili tu, grei 17 kwa jumla, wiki moja katikati, na majirani husema wamekatiwa tamaa. Hapo lengo si kuponya bali kutuliza kikohozi cha damu na maumivu, na majaribio ya Uingereza miaka ya 1990 yalikuta mara mbili zinatuliza sawa na mara kumi. Kwa mtu wa Siaya, hizo ni safari nane ambazo hauzi mbuzi kuzilipia. Kwa mgonjwa ambaye bado ana nguvu, ratiba ndefu imewahi kuonekana ikiongeza maisha kidogo, ingawa si kila jaribio lilikubali.