Mfungwa na mlango wa mahkama

Barazani, Wete hata Chake huko Pemba, wengi huamini kuwa aliyeingia Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela kwa jina la Zanzibar, akiadhibiwa humo hana tena pa kulalamika. Kifungo humwondolea mtu uhuru wa kutembea, si ulinzi wa sheria. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inampa mtu haki ya kusikilizwa haki zake zinapoamuliwa na mahkama au chombo kingine. Isome, ipo kwa Kiswahili.

Tuseme simu imekutwa chini ya godoro la mfungwa, akaadhibiwa humo jela, naye akaipeleka adhabu hiyo mahkamani. Mahkama haiulizi sana ni ya nani. Huuliza: alielezwa kosa? Alipewa nafasi ya kujitetea? Aliyemwadhibu alikuwa na mamlaka hayo? Akishinda, adhabu hiyo ndiyo hufutwa; kifungo chenyewe kiko palepale.